Tangi leo, uduvi mwezi ujao

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole, Jumamosi nyingi ni siku za kupiga dawa ya mende. Godoro hutolewa nje, vyombo hufunikwa, watoto hutumwa wakacheze, kisha dawa hupulizwa kila pembe. Tangi la samaki lililo juu ya kabati hakuna anayelikumbuka, na pampu yake ya hewa huendelea kunguruma. Jioni samaki wako wazima. Uduvi ndio walioanza kulala ubavu, miguu ikitetemeka, na kukipambazuka Jumapili hakuna hata mmoja anayetembea.

Uduvi hawa si wale wa baharini wanaokaushwa pwani kwa kitoweo. Ni kamba wadogo wa maji yasiyo na chumvi, wenye urefu wa sentimita mbili hadi tatu, asili yao China na Taiwan. Wanasayansi huwaita Neocaridina davidi. Porini wana rangi ya kahawia hafifu. Wekundu, umanjano na ubuluu unaovutia macho umetokana na wafugaji kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Hula mwani na mabaki, hawapigi kelele, na kumi kati yao hutoshea katika tangi la lita 20. Kwa anayeishi chumba kimoja Umoja au Pipeline, ni mifugo inayowezekana.

Tatizo ni kwamba hufa ovyo, na kifo chao huchukuliwa kuwa jambo la kawaida. Huenda ni kwa sababu Wakenya wengi wamezoea kuwahesabu kwa gunia. Ziwa Victoria lina uduvi wake, Caridina nilotica, ambao Waluo huwaita ochonga. Hunaswa pamoja na omena, wakakaushwa na kusagwa kuwa chakula cha kuku. Lakini uduvi wa tangini amenunuliwa ili aishi. Vifo vyake vingi vinaweza kuzuilika, na chanzo kikubwa ni haraka ya binadamu. Hatua ya kwanza ya kuvipunguza iko mikononi mwa wauzaji wa samaki wa mapambo jijini: waache kuuza tangi na uduvi siku moja.

Tangi jipya linaonekana safi, na hapo ndipo mnunuzi anapokosea. Uduvi hutoa amonia mwilini mwake, na chakula kinachobaki huoza na kuongeza amonia nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuota na kuenea kwenye mchanga, mimea na sponji ya kichujio. Uduvi anayewekwa siku ya kwanza huogelea ndani ya sumu yake mwenyewe. Mwenye tangi akiona uduvi wananyong'onyea, huwaongezea chakula kwa huruma, na huruma hiyo huwamaliza.

Halafu kuna maji yenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na husafishwa Ngethu kabla ya kuingia jijini. Ni maji laini ya milima ya Aberdare, yenye madini machache, na yametiwa klorini. Klorini hiyo humkinga mtoto dhidi ya kipindupindu, lakini huunguza mashavu anayopumulia uduvi. Mgao ukifika, bomba hukauka, na familia hununua mitungi ya mkokoteni ambayo mara nyingi imejazwa kisimani. Maji ya visima virefu vya Nairobi ni mengine kabisa: mengi yana floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na huelekea kuwa na magadi. Kwenye maji ya aina hiyo, amonia ileile huwa sumu kali zaidi.

Mwenye tangi anayebadilisha nusu ya maji kwa maji ya mtungi alioupata jana huwa amewahamisha uduvi wake kutoka nchi moja hadi nyingine kwa dakika tano. Uduvi hukua kwa kujivua ganda, na ganda jipya hutaka kalsiamu. Maji yakibadilika ghafla, hulazimika kujivua kabla ya wakati. Ganda hupasuka katikati, duara jeupe likajitokeza mgongoni, na mnyama akashindwa kutoka. Dawa yake haina gharama: kubadilisha sehemu moja tu ya kumi kila wiki, kwa maji yaliyokaa siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa, na kuweka kipande kidogo cha ganda la yai lililochemshwa pale maji yanapokuwa laini mno. Uduvi mpya naye azoeshwe taratibu. Maji ya tangi yadondoke kwenye chombo chake tone kwa tone, kupitia mrija uliofungwa fundo, kwa saa moja au mbili.

Dawa ya wadudu inastahili onyo la peke yake. Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kilimo cha pareto, ua ambalo sumu yake huua mende na mbu. Dawa nyingi za kupuliza leo zina kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu hiyo, na vyandarua vilivyotiwa dawa pia. Uduvi na mende ni ndugu wa mbali, kwa hiyo kinachomuua mmoja humuua mwingine, tena kwa kiasi kidogo sana. Pampu ya hewa ndiyo mlango: huvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Kwa hiyo pampu izimwe kwanza, tangi lifunikwe kwa nailoni na taulo lenye unyevu, madirisha yafunguliwe hadi harufu iishe, ndipo pampu iwashwe tena. Aliyeshika chandarua anawe mikono kabla ya kuitia tangini. Vivyo hivyo, dawa za samaki na za konokono zenye shaba zisiguse tangi la uduvi.

Baridi ya Julai, ambayo wengi huilaumu, haina hatia kubwa, kwa kuwa uduvi hawa huvumilia maji ya nyuzi 18. Hewa ndiyo ya kuangaliwa. Eastlands iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile. Stima ikipotea usiku kucha, tangi lililojazwa kupita kiasi huwa hatarini kwanza.

Muuzaji atasema kumwambia mteja arudi mwezi ujao ni kufukuza pesa. Ukweli ni kwamba mteja aliyezika uduvi kumi ndani ya wiki moja hanunui wengine, na tangi lake huishia kuwekwa vitunguu. Wapo pia watakaosema kwamba katika mitaa inayolilia maji, kufuga uduvi ni anasa. Lakini lita mbili kwa wiki si nyingi, na maji yanayotolewa tangini yana nitrati ambayo sukuma wiki ya kwenye gunia huifurahia. Majirani katika mitaa hiyohiyo hufuga njiwa na sungura, na hakuna anayewauliza kwa nini wanawatunza vizuri.

Utaratibu unaofaa ni rahisi. Mteja achukue tangi leo, pamoja na kipande cha sponji iliyokwisha kutumika katika tangi la duka, kwa sababu imejaa bakteria wanaohitajika. Baada ya wiki nne arudi na maji yake kwenye chupa. Muuzaji ayapime mbele yake, na amonia na nitriti zikisoma sufuri, amhesabie uduvi kumi. Zisiposoma sufuri, arudi nyumbani na chupa yake, aje tena Jumamosi inayofuata.