Maswali Kumi Hayamjui Mtu

Ndugu yetu aliyeandika, katika makala yake kuhusu Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwamba kila mtu ni Vata, Pitta au Kapha, na kwamba maswali kumi yanatosha kumtambua, amekata kitambaa kabla ya kupima. U mwembamba, ngozi kavu, usingizi wa mang'amung'amu? Basi wewe Vata: kunywa maziwa ya moto, achana na kachumbari, maisha yako yote!

Ayurveda yenyewe haisemi hivyo. Hizo tatu, ziitwazo dosha, si makabila ya watu. Ni nguvu zinazokaa pamoja katika kila mwili kwa viwango tofauti, ndiyo maana mapokeo yake huhesabu maumbile saba, si matatu. Tena hutenganisha prakriti, yaani umbile la kuzaliwa nalo, na vikriti, hali iliyovurugika sasa. Mama aliyekesha wiki mbili akimuuguza mtoto atayajibu maswali hayo kumi kama Vata, hata kama kazaliwa Kapha. Utamtibu nani hapo?

Kitabu cha kale cha Charaka Samhita humtaka tabibu achunguze mambo kumi, yakiwemo umri, uwezo wa kusaga chakula na vyakula alivyovizoea mgonjwa. Prakriti ni moja tu kati ya hayo. Huko India shahada ya fani hii huchukua miaka 5 na nusu. (Na sayansi ya leo bado haijazithibitisha dosha zenyewe, jambo ambalo makala ile ililiruka.)

Mwenye kiu isiyokatika na haja ndogo kila saa asiambiwe Pitta imepanda. Apimwe sukari.