Bustani Hii ni Mali ya Nani?

Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokwisha kuosha vumbi la kiangazi na miti ya Krismasi ilipoanza kuwaka maua yake mekundu, tulifuatana na wanachama wa matawi mawili, moja la Temeke na jingine la Kinondoni, waliokuwa wakiwapeleka watoto wao kutembea katika Bustani ya Mimea, iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wa Temeke walikuja kwa daladala, wa Kinondoni kwa basi la mwendokasi. Walichukua mikeka, maandazi na chupa za chai. Halikuwa jambo kubwa, wala tusingeliandika habari zake kama si maneno mawili tuliyoyasikia pale langoni.

Neno la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa Temeke. Alipofika alisimama, mkeka wake kwapani, akauliza kwa sauti ndogo: "Na sisi tunaruhusiwa kuingia?" Neno la pili lilitoka kwa mzee wa Kinondoni, aliyekuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini kwa miaka zaidi ya ishirini. Alisema kuwa kwa miaka yote hiyo alipita kando ya bustani ile asubuhi na jioni, na siku ile ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kukanyaga ndani.

Tunauliza: imekuwaje mwananchi aombe ruhusa ya kuketi katika mali yake mwenyewe?

Jibu lina historia. Bustani ile ilianzishwa na Wadachi mwaka 1893, chini ya Profesa Franz Stuhlmann, aliyesimamia mambo ya kilimo katika serikali yao. Haikupandwa ili watu wapumzike. Ilikuwa mahali pa kujaribia mimea ya biashara, ijulikane upi utakubali ardhi yetu na kumpa faida mwenye shamba. Katika mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana na miche hiyo michache yakatoka mashamba makubwa yaliyowamaliza nguvu maelfu ya manamba. Mwaka 1902 Wadachi wakafungua kituo kingine kikubwa zaidi huko Amani, katika milima ya Usambara. Kutoka milima hiyo hiyo walikuwa wamekwisha kuchukua ua dogo la rangi ya zambarau, ambalo leo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya na linaitwa urujuani wa Afrika. Mtoto wa Temeke hajapata kuliona.

Kisha wakaja Waingereza, na mji ukaendelea kugawanywa: Uzunguni kwenye upepo wa bahari na vivuli, Uhindini kwenye maduka, na Waafrika ng'ambo ya pili. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka baina ya Waafrika na wengine. Temeke na Magomeni zilipopimwa, na Kinondoni baadaye, zilipimwa ili mfanyakazi apate mahali pa kulala, aamke alfajiri arudi kazini. Kwamba naye angetaka kukaa chini ya mti na watoto wake siku ya mapumziko, hilo halikuwamo katika hesabu ya mtawala.

Hayo yalikuwa ya wakoloni, nao waliondoka mwaka 1961. Lakini haifai sisi tuliobaki kuendelea kuwasingizia wakoloni kila ubaya. Baada ya Uhuru serikali ilipima viwanja vingi katika vitongoji vyetu, na katika ramani zake iliacha nafasi za wazi za michezo, za mikutano na za mapumziko. Ziko wapi leo? Kila msomaji wa Temeke na Kinondoni anaweza kuhesabu kwa vidole vyake uwanja aliochezea mpira utotoni ambao leo una gereji, baa, ukumbi wa harusi au nyumba ya mtu. Wala waliovitwaa hawakuwa wageni wote. Wengine walikuwa viongozi wa mitaa, wengine wenye fedha wenye jamaa ofisini, na wengine, tuseme kweli, walikuwa wanachama wenzetu wenye kadi mfukoni. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tunalo, yaani ramani, na bado mali inakwisha.

Yupo atakayesema kuwa bustani ni anasa, na kwamba mtu asiye na maji bombani hana haja ya maua. Tunamwomba atazame hesabu. Katika sensa ya mwaka 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728. Kati yao 1,346,674 walikuwa wa Temeke na 982,328 wa Kinondoni. Watu wengi kiasi hicho wakibanana pasipo mti wala uwanja, mtoto hucheza barabarani penye magari, na maji ya mvua, yakikosa ardhi ya kunywea, huingia majumbani. Desemba 2011 mafuriko katika jiji hili yaliua watu wapatao 40. Ardhi iliyoachwa wazi bondeni ni ulinzi wa maisha. Mwenye nyumba mlimani aweza kuiita anasa. Aliyeokoa godoro lake usiku hatasema hivyo.

Hatuna budi pia kujifunza kwa jirani. Mwaka 1989 huko Nairobi ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mahali ambapo wafanyakazi wa mji ule hupumzika. Wangari Maathai aliandika barua serikalini na ng'ambo kuupinga. Alitukanwa na kudhihakiwa, lakini hakunyamaza, na mwishowe wafadhili wakajitoa na mpango ukafa. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Jengo lile lilikusudiwa kuwa makao ya chama kilichokuwa kikitawala na ya gazeti lake. Sisi, tulio gazeti la chama, hatuoni haya kulitaja. Chama kikisahau kuwa bustani ni ya wananchi, mwananchi mmoja mwenye kalamu ana haki ya kukikumbusha.

Hapa kwetu nafasi mpya inafunguka. Mwaka 2022 uliidhinishwa mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao pamoja na kuzuia mafuriko unakusudia kuifanya sehemu ya bonde lile kuwa bustani ya jiji, karibu kabisa na Magomeni na Jangwani. Watu walihamishwa majumbani mwao kwa ajili hiyo. Basi deni ni kubwa. Ardhi iliyoondolewa maskini ili iwe bustani ya wote ikija kuonekana siku moja ina hoteli ya wachache, tutakuwa tumewadhulumu mara mbili. Tunasema hivi mapema, ili asije mtu kudai kuwa hakuambiwa.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kila tawi litenge Jumapili moja kwa mwaka kuwapeleka watoto Bustani ya Mimea, wakiongozwa na mtu awezaye kuwaeleza majina ya miti na kazi yake. Pili, kila mtaa udai ramani yake, na katika mkutano wa hadhara nafasi za wazi zisomwe moja moja, pamoja na jina la aliyejenga juu yake kama yupo. Tatu, mwanachama atakayethibitika kuuza au kutwaa uwanja wa watoto ashughulikiwe na chama kabla hajashughulikiwa na mahakama.

Tumalizie na safari yetu. Ndani ya bustani watoto walikusanyika chini ya mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu zote duniani. Kijana mmoja, wa miaka minane hivi, aliambiwa kuwa mti huo hukaa miaka mingi sana kabla ya kuzaa. Akauliza: "Sasa aliyeupanda alikula lini?" Watu wazima walicheka. Sisi tuliona kuwa ni swali la kujibiwa, na jibu ni kwamba mpanda bustani hapandi kwa tumbo lake. Yule mama wa Temeke alikuwa amekwisha tandika mkeka kivulini, viatu amevua, akimimina chai. Saa kumi na moja ilipofika hakutaka kuondoka.