Kabila na Kony: Je, kesi bila mshtakiwa ni haki?

Septemba 2025, mahakama mbili zilisikiliza mashtaka mazito huku kiti cha mshtakiwa kikiwa kitupu. Zilikoishia ni tofauti kabisa.

Kinshasa: hukumu ya kifo

Tarehe 30 Septemba, Mahakama Kuu ya Kijeshi ya DRC ilimhukumu kifo rais wa zamani Joseph Kabila kwa uhaini, uhalifu wa kivita na makosa mengine, ikimhusisha na waasi wa M23. Kesi ilianza Julai. Kabila, aliyekanusha mashtaka, hakufika wala hakuwa na wakili mahakamani.

The Hague: kesi haijaanza

Wiki tatu kabla, tarehe 9 na 10, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilisikiliza mashtaka dhidi ya Joseph Kony, kiongozi wa LRA anayesakwa tangu 2005. Naye hakuwepo, lakini alikuwa na wakili wa kumtetea. Novemba 6 majaji wakathibitisha mashtaka 39, yakiwemo mauaji, utumwa wa ngono na kuingiza watoto vitani.

Wakaishia hapo. Sheria ya ICC inataka mshtakiwa awepo kesi yenyewe ikianza. Mpaka Kony apatikane, hakuna hukumu.

Wakili ana kazi gani?

Wakili ndiye anayembana shahidi: ulimwona wapi, saa ngapi, umejuaje? Bila maswali hayo, jaji anasikia upande mmoja tu. Hata kama ushahidi ni wa kweli, wafuasi wa mshtakiwa watasema ni siasa, na kuwajibu itakuwa kazi.

Lakini kusubiri nako kuna gharama. Kaskazini mwa Uganda, waliotekwa na LRA wakiwa watoto leo ni watu wazima wenye watoto wao. Mashahidi wanazeeka, wengine wanafariki. Kony asipokamatwa, watabaki na mashtaka yaliyothibitishwa, basi.

Kukimbia mahakama kusiwe ngao. Kama mshtakiwa anajua anashtakiwa na kaamua kujificha, ushahidi usikilizwe na uhifadhiwe. Ila awe na wakili wa kweli, na siku akijitokeza aruhusiwe kudai kesi isikilizwe upya. Bila hayo mawili, hukumu haimsaidii hata mwathirika: siku yoyote inaweza kupingwa, naye akalazimika kuanza kusimulia upya.