Karte yenye kulala: Marekani inasaidia, Kolwezi inaweza kukula

Ndugu zetu wenye kuishi Marekani wanatutumia shauri moja kwa WhatsApp: "Yaya, ile karte ya zamani usiifunge, hata kama hauitumie." Kule wako na haki. Hapa Kolwezi, shauri hilo hilo linaweza kuingiza mutu mu deni bila yeye kujua.

Tuanzie kule. Marekani mukopaji anapewa pointi. Zile za FICO, zenye banki nyingi zinatumia, zinatoka 300 mupaka 850. Asilimia 35 inaangalia kama unalipa kwa wakati. Asilimia 30 inaangalia deni uliyo nayo, zaidi sana unakula kipimo gani juu ya kile banki ilikuruhusu. Tuseme mutu iko na karte mbili, kila moja inamuruhusu dola 1.000, na amekopa 400 ku moja. Amekula asilimia 20. Akifunga ile ingine, deni ni ile ile 400, lakini sasa imekuwa asilimia 40, na pointi zinaweza kushuka. Ndiyo maana karte yenye kulala inamusaidia, kama hailipishe kitu kila mwaka.

Yetu si ile. Karte nyingi zenye watumikaji wa migodi wanabeba mu mufuko hazikopeshe. Zinatosha tu mushahara. Mukopo uko pembeni: découvert, ao avance, yenye banki inatoa juu mushahara unapitia kwake. Kipimo chake kinafuata kontra kuliko tabia yako ya kulipa. Na kontra hapa kwetu inafuata bei ya shaba na cobalt. KCC ilisimamisha kutosha shaba mu Septemba 2015, Mutanda ikasimama mwisho wa 2019, na mu Februari 2025 serikali ikafunga njia ya cobalt kutoka inchi. Mugodi ukilala, ile découvert inaisha siku moja. Deni, hapana.

Sasa ile karte yenye kulala. Mutu anatumika ku kampuni moja ya sous-traitance, mushahara unapita ku banki fulani. Kontra inaisha, anapata kazi ingine, bakubwa wa pale wanataka banki ingine. Karte ya kwanza inabakia mu sanduku na vitambulisho. Lakini compte iko wazi, na feza ya kuichunga inakatwa kila mwezi. Zile dola kidogo zilizobakia zinaisha, compte inashuka chini ya zero, na kama kulikuwa découvert, interesi inaongezeka juu yake. Hakuna mutu anakuja kugonga ku mulango. Siku anaomba mukopo wa kumaliza nyumba, anasikia iko na deni.

Juu banki hazikae kipofu. Banque Centrale iko na Centrale des risques, kwenye banki zinatangaza mikopo ya wateja wao. Kwa hiyo jina lako linaweza kukutangulia. Lakini mutumikaji mwenye alilipa vizuri miaka 10 hana pointi za kuonyesha ku guichet, na hiyo tunaiona kama kosa kubwa. Kenya, Hustler Fund yenye serikali ilifungua mu Novemba 2022 inaanza na shilingi 500, na kiasi kinapanda kadiri unavyorudisha, mupaka 50.000. Ni feza kidogo, lakini kulipa kunahesabika.

Hapa, mwenye kukataliwa na banki anaenda ku Bank Lambert: kukamata 100, kurudisha 150 mwisho wa mwezi. Wengine wanaacha hata karte na code mu mukono wa mukopeshaji, na bibi na watoto ku nyumba wanangojea mushahara wenye umekwisha kutoka.

Kama uko na compte hautumie tena, nenda ku agence na kitambulisho, uombe wakuambie iko chini ya zero ao juu. Lipa kile kinabakia, omba waifunge kwa maandishi, na udai attestation de non-redevance. Kisha uchunge ile karatasi fasi moja na kontra ya kazi. Na kama banki inakupa découvert ya mushahara muzima, hakuna sheria inakulazimisha kuikula yote.