Kila Akwaria ya Shule Iwe na Tangi la Wagonjwa

Shule inayofuga samaki katika maabara yake hujipatia kitabu hai cha biolojia. Hata hivyo, samaki wanapougua, mara nyingi hatua ya kwanza huwa ni kumimina dawa katika akwaria hiyo hiyo wanamoishi. Kwa maoni yetu desturi hiyo haifai, na shule isiyo na tangi la pili la kuwatibia wagonjwa haijawa tayari kufuga samaki.

Sababu ni za kisayansi. Akwaria iliyokomaa si chombo cha maji tu, bali ni jamii ya viumbe wanaotegemeana. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria waishio juu ya changarawe na katika kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Antibiotiki zaweza kuwaangamiza bakteria hao. Dawa zenye shaba huua konokono, na chumvi hudhoofisha mimea mingi. Hivyo, kwa ajili ya kumponya mmoja, jamii nzima hutiwa hatarini. Isitoshe, antibiotiki zitumiwapo ovyo huwapa vijidudu nafasi ya kujenga usugu.

Tangi la wagonjwa halihitaji mapambo. Tangi lenye urefu wa sentimeta 60 na upana wa sentimeta 30, likijazwa maji hadi kina cha sentimeta 25, lina lita 45. Lisiwekwe changarawe wala mimea. Kipande cha bomba au chungu kitatosha kuwa maficho. Pawepo pampu ya hewa na kichujio cha sifongo, ambacho kikikaa katika akwaria kubwa wakati wa afya kitakuwa kimekwisha kupata bakteria. Ikiwa sifongo ni kipya, hapana budi kubadilisha sehemu ya maji kila siku. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya tangi hilo peke yake.

Hapo wanafunzi hupata pia somo la hesabu. Ikiwa kipimo cha chumvi ni gramu 2 kwa lita, tangi hilo litahitaji gramu 90, zitiwe kidogo kidogo. Wakibadilisha lita 15 za maji, warudishe gramu 30 tu. Wakirudisha 90, watakuwa wamezidisha dawa.

Methali yasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mtu aweza kudhani kwamba kumtoa huyo mmoja kunatosha. Katika ugonjwa wa madoa meupe sivyo. Kimelea chake hukua ndani ya ngozi na matamvua ya samaki, kisha hudondoka na kugawanyika kuwa mamia ya wachanga wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Wasipompata kwa muda wa siku 2 hivi, hufa. Kwa hiyo samaki wote wahamishwe wakatibiwe, na akwaria ibaki bila samaki kwa wiki 2 katika joto la nyuzi 25 hivi. Vimelea vitakufa kwa kukosa mwenyeji, pasipo tone la dawa kuingia humo.

Wako watakaosema kwamba shule zetu hazina fedha za tangi la pili. Beseni pana la plastiki lililo safi litafanya kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo kuliko kuanza upya baada ya samaki wote kufa. Tena beseni hilo, wakati hakuna mgonjwa, ndimo watakamokaa samaki wageni kwa wiki 4 kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Jambo moja lisisahauliwe: samaki waliokufa wazikwe, na maji yenye dawa au vimelea yasimwagwe mtoni wala ziwani. Mwanafunzi atakayezoea kumtenga mgonjwa, kupima dawa na kulinda maji ya wengine atakuwa amejifunza zaidi ya ufugaji wa samaki. Walimu, liandaeni tangi hilo kabla ya doa la kwanza kuonekana.