Silaha huazimwa, uaminifu hauazimwi

Kila inapotangazwa kwamba dola kubwa italisaidia jeshi la nchi rafiki kwa silaha na wakufunzi, watu huuliza nani ametoa na ametoa kiasi gani. Sisi wa Kigoma na Ujiji twauliza zaidi: jeshi hilo litamtii nani? Swali hili limetufikia kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa kwa msaada wa Rwanda na Uganda, na ofisa wa Rwanda, James Kabarebe, akaja kushika ukuu wa majeshi ya Kongo. Julai 1998 Kabila alimwondoa na kuwataka askari wa Rwanda warudi kwao. Agosti vita vikawaka, na ofisa yule yule akaongoza mashambulizi dhidi ya nchi aliyokuwa akiilinda. Wanyonge wakavuka ziwa kwa maboti, nasi tukawapokea katika kambi za Lugufu na Nyarugusu.

Baada ya hapo Kongo ilifundishiwa askari na Ubelgiji, Afrika Kusini, China na Marekani, kila mmoja kwa mtindo wake. Batalioni ya 391, iliyofundishwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010, ilitajwa miongoni mwa waliotuhumiwa kuwanajisi wanawake Minova, Novemba 2012. Januari 2025 Goma ikatekwa, na Februari Bukavu. Mkufunzi aweza kumfunza askari shabaha; hawezi kumrudishia mshahara ulioliwa na wakubwa wake.

Ama sisi, Januari 1964 askari wetu waliasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza kuwazima. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Wakufunzi walikuja kutoka China na Kanada, lakini mkuu wa jeshi alikuwa Mtanzania, Mrisho Sarakikya, na amri haikutoka nje.

Basi hatusemi msaada ukataliwe. Kujiandaa kwa nguvu ni wajibu, na elimu hutafutwa popote ilipo. Lakini jeshi ni amana. Mzazi anayemtoa mwanawe kwenda jeshini ana haki ya kujua nani atamwamuru, nani atamlipa, na kama haki yake itamfikia. Nchi isiyoweza kumjibu mzazi huyo, hata ikipewa vifaru na ndege, bado haijapata jeshi.

Mwenyezi Mungu awape amani jirani zetu, na atuhifadhi sisi na wao. Amin.