Faida ya nyanya inapotelea kwenye tenga

Mkulima wa Ilula, Iringa, huhangaika miezi mitatu na mbolea na dawa za ukungu, kisha faida hupotelea ndani ya tenga. Tenga la mbao hujazwa kwa mtindo wa lumbesa, likabebeshwa mengine juu yake kwenye lori kwa zaidi ya kilomita 400. Likifika Dar es Salaam, nyanya za chini zimepondeka. Iliyopasuka huozesha jirani zake, na bei ya tenga zima hushuka. Lawama zote hutupiwa dalali, jambo ambalo si haki.

Nyanya za safari ichumwe asubuhi, ikianza tu kubadilika rangi, iwekwe kivulini na kuchambuliwa. Kreti za plastiki ni ghali, lakini hutumika tena na tena. Asiyezimudu atandike majani makavu ndani ya tenga. Wanunuzi nao waache kudai lumbesa.